Shokapu la Kushoto

Sajini Evodia alitumwa Ipagala kumkamata mtu, na mtu mwenyewe alimkuta uani, amechuchumaa nyuma ya pikipiki, spana mkononi, grisi mpaka viwikoni, wala hana habari na serikali.

"Shikamoo, mama Anitha."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunikamata, au umekuja kunishikia hii pikipiki isiyumbe?"

"Nimekuja kukukamata."

"Basi ngoja nimalize."

Jamani, kuna watu! Ruthu Ndahani, mama Anitha, alikuwa mjane wa miaka arobaini na sita, mkunga wa zahanati kule Makutupora, kilo hamsini na mbili akiwa amevaa buti. Miaka mitatu sasa alikuwa akiipanda Honda nyekundu ya marehemu mumewe kwenda kazini na kurudi, na mjini walishachoka kumcheka. Anayetaka kucheka na acheke, alikuwa akisema, ila mkewe akishikwa na uchungu asimtume mtu kuniita.

Evodia alitafuta kigoda, akakaa. Alikuwa na muda kidogo. Bosi wake, Inspekta Shaaban, alikuwa amempa mpaka saa nane mchana, na maneno aliyompa nayo hayakuwa mengi.

"Alhamisi asubuhi stoo ya chama cha wakulima wa zabibu imekutwa kufuli limevunjwa," alimwambia. "Pampu ya kumwagilia imeondoka. Alama za tairi zinatoka mlangoni pa stoo mpaka uani pa zahanati, zinaishia kwenye pikipiki. Pikipiki ya nani? Ya mkunga. Mkunga ana shemeji mhuni? Anaye. Sasa unatafuta nini tena? Mlete nifunge faili."

"Usiku huo mkunga alikuwa Mvumi, afande. Alimsindikiza mzazi hospitali, kalala huko."

"Ndiyo maana nikataja shemeji."

Pale ofisini kituoni, kwenye kiti cha wageni, kikombe cha chai mkononi, alikuwa amekaa mzee Elieza Chilongani, mwenyekiti wa chama. Alitikisa kichwa kwa huzuni. Mwaka ule wa tisini na nne kila kitu kilikuwa kinauzwa, na chama nacho kilikuwa kinauzwa. Jumatatu wangekuja watu kutoka Dar es Salaam kukagua mali. Mwenyekiti alitaka wakute mwizi ameshapatikana. Hilo Evodia alilielewa. Alichoshindwa kuelewa ni kwa nini mwizi lazima awe huyu. Mkunga akilala rumande usiku mmoja tu, hata akiachiwa kesho yake, kazi imeota mbawa. Nani atampa mwizi mtoto wake amshike?

"Hapo unafanya nini hasa?" Evodia alimuuliza Ruthu kutoka kigodani.

"Nalegeza shokapu. Tangu Alhamisi linanirusha kama nimepanda punda. Kiuno chote kimekufa."

"Tangu Alhamisi?"

"Si nimekwambia? Niliiacha zahanati Jumatano jioni ikiwa laini. Alhamisi nimerudi na gari la wagonjwa, naipanda, ngumu! Jana nimeshinda na wazazi. Leo ndiyo nimepata nafasi. La kulia nimeshalegeza, bado la..."

"Acha!" Evodia alisimama mpaka kigoda kikaanguka. "Weka spana chini!"

"Weee! Pikipiki yangu, kiuno changu!"

"Na jela itakuwa yako vilevile. Weka chini, mama, nakuomba."

Ruthu aliweka spana chini, polepole, macho yakiwa kwa Evodia, binti wa watu wa Bukoba, kana kwamba anampima homa. Evodia alipiga magoti kwenye vumbi na sketi yake ya kazi. Pikipiki hakuijua, na hakuona aibu kusema.

"Nieleze kama unamweleza mtoto."

"Haya. Nyuma kuna mashokapu mawili, huku na huku. Kila moja lina springi. Chini ya springi kuna hii pete, umeiona? Imekatwa ngazi tano. Ukiizungusha ikapanda ngazi, springi inabanwa, shokapu linakuwa gumu. Ngazi ya kwanza ni ya mtu mmoja mwepesi, ndiyo yangu. Ya tano ni ya mzigo wa haja. Usipokaza, ukapakia mzigo, matagadi yanakaa juu ya tairi, hufiki popote."

"Na hili la kushoto liko ngazi ya ngapi?"

Ruthu aliinama. Alihesabu ngazi kwa kidole.

"Ya tano," alisema. "Mungu wangu. Hata sikuhesabu. Nilikuwa nageuza tu kwa hasira."

"Ulikuwa unafuta ushahidi wako kwa mkono wako mwenyewe, mama."

Ruthu alijifuta mikono kwenye kitambaa. Kisha alisema kwa sauti ndogo kwamba mumewe alimfundisha kugeuza pete zile uani hapohapo, akimwambia mwenye chombo ni yule anayejua kukirekebisha.

Evodia aliuliza kama mtu anaweza kuigeuza pete mzigo ukiwa umeshapanda. Thubutu, akajibiwa, mzigo wa pampu ukikaa nyuma, huigeuzi hata uite kijiji. Inageuzwa kwanza, ndipo unapakia. Kwa spana gani? Kwa hii ya ndoano, jino lake linaingia kwenye tundu la pete. Spana ya Ruthu ilikuwa wapi usiku wa Jumatano? Ndani, chini ya kitanda, kwenye sanduku lenye kufuli.

"Kwa hiyo aliyeichukua pikipiki alikuja na spana yake."

"Swichi yangu ilikufa zamani, inawaka hata kwa mpini wa kijiko, kila mtu Makutupora anajua. Lakini spana ya ndoano siyo kijiko."

Evodia aliichukua spana ile, akaiweka kwenye tundu la pete ya kushoto. Iliingia sawasawa. Lakini kando ya tundu palikuwa na mikwaruzo mipya, mipana, rangi nyeusi imebanduka na chuma kinang'aa. Spana kubwa mno ilikuwa imeteleza pale mara mbili tatu kabla ya kushika. Alitoa daftari, akachora. Akapima upana wa mkwaruzo kwa njiti ya kiberiti na kuivunja pale ulipoishia.

"Kingine chochote ulichokikuta kimebadilika Alhamisi?"

Hapo Ruthu alisita. Alikuwa mwanamke wa kujibu kabla hujamaliza kuuliza, kwa hiyo kusita kwake kulionekana.

"Mafuta," alisema mwishowe. "Niliiacha kwenye rizevu, mafuta yamekaribia kuisha. Nimeikuta tangi limejaa."

"Mwizi kakujazia mafuta?"

"Mimi nimeshangaa kama wewe."

Geti la bati likalia, akaingia Yotham, shemeji mtu, amevaa koti la ngozi la mitumba ambalo kwa jua kama lile lilikuwa adhabu. Hakusalimia.

"Afande, mchukueni tu. Ila pikipiki ibaki hapa. Hiyo mali ya kaka."

"Na wewe usiku wa Jumatano ulikuwa wapi?"

"Kilabuni Chang'ombe. Muulize yeyote. Nililala pale pale kwenye benchi."

"Nitauliza. Hebu nisaidie kwanza, wewe mwanamume." Evodia alimpa spana ya ndoano. "Hili shokapu la kulia limelegea. Likaze."

Yotham alikohoa. Aliigeuza spana juu chini. Alizunguka pikipiki mara moja, kama mnunuzi wa ng'ombe mnadani, kisha akaichomeka kwenye nati ya ekseli na kuanza kusukuma. Ilikwama, ikachomoka, ikamgonga vidole.

"Yesu!"

"Miaka mitatu unaililia pikipiki," Ruthu alisema, "hujui hata inakojambia. Toka hapo."

Evodia alificha kicheko nyuma ya daftari. Yotham alikuwa mlevi, mdai urithi, na mtu asiye na adabu. Lakini aliyekaza pete mbili gizani mpaka ngazi ya tano hakuwa yeye.

"Huyu akiazima pikipiki, huirudishaje?" Evodia aliuliza, Yotham alipokwisha kuondoka akinyonya vidole.

"Niliwahi kumpa mara mbili. Mara zote mbili nimeisukuma mpaka kituo cha mafuta."

"Na nani huirudisha imejaa?"

Ruthu aliokota kitambaa na kuanza kufuta tangi lililokuwa safi.

"Mama Anitha."

"Mimi simtaji mtu kwa sababu ameniwekea mafuta. Nimelelewa hivyohivyo. Jirani akikuletea mboga kwenye bakuli, bakuli halirudi tupu, unatia hata nyanya mbili. Hilo nalo limekuwa kosa?"

"Siyo kosa. Ila mkono uliozoea huwa haumuulizi mwenyewe. Umezoea kujaza, utajaza hata siku ya wizi. Ni nani?"

"Sitaki."

"Saa nane Inspekta anakupeleka mahabusu. Jumatatu mahakamani."

"Anipeleke! Watoto mia sita nimewapokea kwa mikono hii. Sitatoka humu nikitaja majina ya watu ili nipone."

Loo, mwanamke mbishi! Evodia alimpenda kwa hilo, na alitamani kumtingisha mabega.

"Basi usitaje," alisema. "Nipeleke Makutupora. Nikuone unavyokaa na watu."

"Kwa amri ya nani?"

"Amri ni nikulete wewe kituoni. Hawakusema nipitie njia ipi."

Kwa mara ya kwanza siku ile Ruthu alicheka. Lakini kabla hawajatoka palikuwa na jambo. Shokapu la kushoto halikuruhusiwa kuguswa, lilikuwa ushahidi. La kulia lilikuwa ngazi ya kwanza. Na pikipiki yenye shokapu moja gumu na jingine laini, Ruthu alisema, itawamwaga kwenye kona ya kwanza. Akachuchumaa, akaligeuza la kulia ngazi moja baada ya nyingine mpaka ya tano.

"Tuko wawili," alisema akijipangusa. "Na wewe siyo mwepesi."

Njiani Evodia alimwomba jambo moja tu: lolote nitakalosema kule, usinikanushe. Ruthu alijibu kwamba yeye siyo mwongo. Evodia akamwambia hakuna anayemwomba aseme uongo, anaombwa anyamaze. Ruthu akasema, hilo ni gumu zaidi.

Mbele ya stoo walikuta wakulima kama ishirini, wanawake kwa wanaume, wamekaa kivulini ukutani. Zabibu zilikuwa zinanyauka, pampu haipo, na walikuja kuuliza itakuwaje.

"Mbukwenyi," Ruthu aliwasalimu kwa Kigogo, wakaitikia wote, na hapo Evodia alipata jibu la swali ambalo hakuliuliza. Hakuna hata mmoja aliyegeuza uso kama wanavyomgeuzia mwizi. Mama mmoja alimsifu hata kwa pikipiki anayompa Charles wa stoo kila Jumapili ampeleke mama yake kanisani.

Mtunza stoo aliwapokea mlangoni. Charles alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, shati limepigwa pasi, mwimbaji wa kwaya, mtaratibu mpaka anakera. Alipomwona Ruthu alishika fremu ya mlango.

"Pole na misukosuko, mama Anitha."

"Nimeshapoa," alisema Ruthu, na akafunga mdomo kama alivyoahidi.

"Nionyeshe kufuli," Evodia alisema.

Alionyeshwa kufuli lililokatwa.

"Nionyeshe vifaa vya pampu."

Ukutani palikuwa na misumari, na kila msumari una kifaa chake na jina lililoandikwa kwa chaki. Kwenye msumari wa nne ilining'inia spana ya ndoano, kubwa, ya kukazia mdomo wa pampu. Evodia alitoa njiti yake iliyovunjwa, akailaza kwenye jino la spana. Njiti na jino vililingana. Kwenye kona ya jino palikuwa na rangi nyeusi iliyoganda. Pampu, alijua kutoka kwenye faili, ilikuwa ya kijani.

"Jumatano usiku spana hii ilikuwa wapi?"

"Hapohapo. Haijawahi kutoka."

"Wezi hawakuigusa?"

"Hawakuigusa. Alhamisi nimeikuta msumarini."

"Na ufunguo wa stoo?"

"Ninao mimi. Na Mwenyekiti ana wake."

Evodia aliandika. Mwizi alikaza mashokapu kabla ya kupakia. Alikaza kwa spana hii. Kwa hiyo spana hii ilitoka humu kabla pampu haijatoka, na ikarudi msumarini kwake, chini ya jina lake. Mvunja kufuli gani huyo anayerudisha spana mahali pake? Mlango ulifunguliwa kwa ufunguo. Kufuli lilikatwa baadaye, kwa ajili ya macho ya watu. Yote hayo aliyaona wazi, lakini mbele ya Inspekta Shaaban rangi kwenye jino la spana ingekuwa rangi tu. Alihitaji mdomo wa mtu.

Alitoka mpaka kizingitini, mahali ambapo wakulima wote walikuwa wanamwona, akapaza sauti.

"Jambo la mwisho, Charles, siyo la polisi, ni la kibinadamu tu. Mama Anitha amesikitika sana. Miaka yote anakupa pikipiki kila Jumapili umpeleke mama yako kanisani, hakudai chochote. Safari hii unamrudishia tangi kavu! Kaisukuma mjini kote, mama mzima. Ndiyo shukrani?"

Manung'uniko yakapita ukutani. Kikongwe mmoja akasema, "Charles? Charles wetu?" Mtunza stoo alibadilika rangi, akamgeukia Ruthu, na sauti ikamtoka kabla akili haijamkamata.

"Tangi kavu? Mimi? Mama Anitha, mimi nikurudishie tangi kavu? Nimelijaza mpaka likamwagika! Nimekwenda mwenyewe na dumu kumwamsha muuza mafuta, muulizeni, saa kumi alfajiri..."

Akaziba mdomo kwa kiganja.

Evodia akavuta kiti, akakaa, akageuza ukurasa mpya.

"Alfajiri ya Alhamisi," alisema. "Charles, hulazimiki kusema lolote, na utakalosema nitaliandika na litatumika mahakamani. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Unasema?"

Charles aliketi kwenye gunia. Alisema pampu iko shambani kwa Mwenyekiti, imefunikwa mabua. Alisema Mwenyekiti alimwambia Jumatatu wanakuja wageni kuichukua kwa bei ya karanga, bora ibaki kwa mwenyeji. Wawili waliinyanyua, yeye upande huu na mwenzake upande ule, gari la Mwenyekiti lilikuwa bovu, pikipiki ilikuwa palepale zahanati.

"Nilijua watasema wezi wa mjini," alisema, na machozi yakaanza. "Sikujua watamshika mama Anitha."

Ruthu hakuweza kujizuia tena.

"Na ulipojua?" aliuliza. "Jana ulikuja zahanati kunipa pole. Ulikuwa umeshajua. Ukaniangalia machoni, Charles, ukasema Mungu yupo. Ulipojua ulifanya nini?"

Mikono yake, ile mikono iliyopokea hata watoto waliozaliwa kimya, Ruthu aliificha kwapani asije akamzaba kofi.

Ndipo Land Rover ya polisi ilipoingia kwa vumbi. Inspekta Shaaban alishuka peke yake. Kiti cha mbele, mzee Elieza Chilongani alibaki amekaa, kioo wazi, kofia mapajani.

"Sajini! Nilisema umlete huyu mwanamke saa nane."

"Nimemleta, afande. Tena kanileta yeye."

"Nani kakuruhusu kuja huku? Na hayo unayoandika ni nini?"

"Maelezo ya onyo ya mtunza stoo. Amekiri. Pampu iko shambani kwa Mwenyekiti."

Inspekta alitazama gari, akatazama karatasi. Alisogea, akashusha sauti.

"Evodia. Chana hiyo karatasi. Tutaongea kituoni taratibu. Ukiendelea, Jumatatu nakupangia kituo ambacho hata barua hazifiki."

"Huko nako kuna watu, afande."

"Nimesema chana."

Evodia alisimama. Alimnyooshea karatasi kwa mkono wa kushoto na kalamu kwa mkono wa kulia, na akasema kwa sauti ambayo haikushushwa hata kidogo:

"Siwezi kuchana maelezo ya mtuhumiwa, afande. Ila wewe ni mkubwa wangu. Futa wewe, hapa mbele ya hawa wananchi ishirini waliomsikia, uandike sababu, utie sahihi."

Wakulima walikuwa wameshasimama. Walisogea tu, wakawa karibu. Inspekta aliitazama kalamu, akatia mikono mfukoni.

"Endelea, Charles," Evodia alisema akikaa. "Aliyeshika upande wa pili wa pampu. Jina."

Charles alitazama Land Rover. Ruthu akaja akasimama kati yake na gari, mikono imetoka kwapani.

"Wanao watatu nimewapokea mimi," alisema. "Sikukuuliza siku hata moja una cheo gani. Sema, Charles. Kwa sauti."

"Elieza Chilongani," alisema Charles. "Mwenyekiti."

Ndani ya gari mzee alianza kupandisha kioo, haraka, mkono ukizunguka na kuzunguka. Evodia aliandika herufi kubwa, moja moja, na hakuinua kichwa mpaka alipoweka nukta.

"Afande," alimwambia Inspekta, "naomba umwambie asihangaike kushuka. Namkamata hapohapo alipokaa."